Vitabu Vilivyofika Busia

Mwaka 1996 shule 25 za msingi katika wilaya za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya karibu na mpaka wa Uganda, zilipata kitu ambacho walimu wake walikuwa wamekililia muda mrefu. Zililetewa vitabu vya kiada. Havikuwa vitabu vikuukuu vya msaada kutoka Ulaya, vyenye hadithi za theluji na majina yasiyotamkika. Vilikuwa vitabu rasmi vya mtaala wa Kenya: vya Kiingereza kwa darasa la tatu hadi la saba, vya hisabati kwa darasa la tatu, la tano na la saba, na vya sayansi kwa darasa la nane. Aliyegharamia ni shirika la misaada kutoka Uholanzi, na vilitosha kiasi kwamba kwa wastani watoto wawili wangeweza kutumia kitabu kimoja.

Uzito wa zawadi hiyo unaeleweka ukikumbuka hali ya wakati ule. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, sera ya kuchangia gharama ilikuwa imewatwika wazazi mzigo wa kununua vitabu, na wazazi wengi wa vijijini hawakuuweza. Mara nyingi kitabu kilikuwa kimoja tu, cha mwalimu. Yeye akinakili ubaoni, watoto wakinakili kutoka ubaoni, na nusu ya kipindi ikaishia kwenye chaki. Ungeniuliza wakati ule shule hizo zinahitaji nini, ningejibu bila kufikiri mara mbili: vitabu. Nadhani hata wewe.

Pamoja na vitabu walikuja watafiti, wachumi Michael Kremer, Paul Glewwe na Sylvie Moulin. Shule zilizoteuliwa kusaidiwa zilikuwa 100. Kwa kuwa zisingeweza kuhudumiwa zote kwa mara moja, ziligawanywa bila upendeleo, 25 zikatangulia, nyingine zikasubiri zamu. Kwa mpango huo iliwezekana kulinganisha shule zilizopata na zilizosubiri, kwa sababu hazikutofautiana kwa jambo lolote ila bahati ya foleni.

Mitihani ilipofanywa na kusahihishwa, mwanafunzi wa kawaida katika shule zilizopata vitabu hakuwa amemzidi mwenzake aliyekosa. Si kwamba alimzidi kidogo, chini ya matarajio. Hakumzidi. Walioacha shule na waliorudia madarasa nao hawakupungua. Waliopata faida ya wazi ni kundi moja tu, nalo ni wale ambao tangu mwanzo walikuwa juu darasani. Hao vitabu viliwasaidia kupanda zaidi, na katika darasa la nane idadi ya walioendelea hadi sekondari iliongezeka. Waliobaki walipitiwa na msaada huo kama vile haukuletwa.

Ningeweza kuishia hapo na kulaumu wafadhili, lakini wafadhili hawa hawakuwa wazembe. Walinunua kitu sahihi kwa mujibu wa mtaala na kukifikisha hadi madarasani. Kilichonishughulisha kila nikirudia kisa hiki ni jinsi dalili zilivyokuwa wazi, zote, kabla kitabu cha kwanza hakijafunguliwa.

Dalili ya kwanza ni lugha. Mtoto wa Amukura anaamka akisemeshwa Kiteso. Mtoto wa Funyula anaongea Kisamia na nyanya yake. Kiswahili anakikuta sokoni, kwenye redio na shuleni. Kiingereza ni lugha yake ya tatu. Sera ya Kenya ilikuwa kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, na kuanzia darasa la nne Kiingereza kishike usukani. Ina maana kwamba kitabu cha Kiingereza cha darasa la tatu kilimtarajia mtoto awe ameshakivuka kizingiti ambacho yeye ndiyo kwanza anakikaribia, na cha hisabati kilimuuliza kwa Kiingereza hesabu ambayo pengine angeiweza kama ingesemwa kwa lugha anayoielewa. Watafiti wenyewe walipotafuta sababu ya matokeo yao, hili ndilo walilokuta: watoto wengi hawakuweza kukisoma kitabu walichopewa. Kuligundua hilo mapema kusingegharimu shilingi. Ni kufungua ukurasa wowote, kumwita mtoto yeyote, na kumwomba asome sentensi moja kwa sauti.

Kwa nini hakuna aliyefanya hivyo? Hapa tusijidanganye, maana hata leo hatufanyi. Mgeni akiingia darasani, mwalimu anauliza, "Tumeelewa?" na darasa zima linajibu kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu!" Kiitikio hicho ndicho dalili inayopotosha kuliko zote. Watoto watano wanaojua huwabeba arobaini wasiojua, na sauti inayotoka ni moja, yenye nguvu, inayomfurahisha kila mtu. Mgeni anaandika katika daftari lake kwamba wanafunzi wanashiriki vizuri. Anatoka akiwa na hakika kwamba kinachokosekana ni vifaa. Mwalimu wa darasa la tatu anajua ukweli, lakini kikaoni humsikii: anayezungumza ni mwalimu mkuu, kisha mwenyekiti wa kamati, kisha diwani, na muda umekwisha.

Dalili ya pili ilikuwa kwenye daftari la mahudhurio. Katika shule nyingi za vijijini za wakati ule, darasa la kwanza lilijaa hadi mlangoni, na darasa la nane ungekuta safu chache za madawati. Kati ya hapo watoto walikuwa wakirudia mwaka, wakikosa wiki nzima kwa sababu ya mavuno au malaria, wakirudi wakiwa wamepitwa, hatimaye wakiacha. Kitabu cha kiada hakimjui mtoto huyo. Kimeandikwa kwa yule aliyefika kila siku na kuelewa kila sura kabla ya kufungua inayofuata. Mtaala mmoja ulikuwa ukihudumia nchi nzima, pamoja na mtoto wa Nairobi anayezungumza Kiingereza na wazazi wake mezani. Ukitumia kitabu kimoja kwa watoto hao wawili, mmoja lazima akose.

Na ya tatu, ambayo naona ndiyo mzizi: shule ilipimwa kwa wanaong'ara. Wastani wa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ndio uliomfanya mwalimu mkuu alale au asilale. Mwalimu alitakiwa kumaliza silabasi kabla ya mtihani, iwe watoto wamefika naye au hawakufika. Basi akafundisha safu ya mbele. Sioni ubaya wa moyo katika hilo. Mtu akiwa na watoto wengi waliotofautiana mno, kipindi cha dakika 35 na silabasi nene mkononi, ataongea na wale wanaomjibu. Mimi ningefanya vivyo hivyo. Vitabu vilipokuja vikakuta mtindo huo umeshakaa, navyo vikaufuata, vikawanufaisha walewale.

Baadaye shirika hilo lilijaribu njia nyingine, na hapo somo likazidi kuwa chungu. Kama tatizo ni kusoma, walifikiri, tuwape walimu chati kubwa za ukutani za sayansi, afya na hisabati, pamoja na ramani ya Afrika Mashariki. Chati moja inatumika na darasa zima, na picha haihitaji Kiingereza kingi. Tena ushahidi wa mwanzo ulitia moyo sana: ukilinganisha shule zilizokuwa tayari na chati na zisizokuwa nazo, zenye chati zilifanya vizuri zaidi kwa kiasi cha kuonekana. Safari hii shule 178 ziliingizwa katika jaribio, 89 kati yake zikapewa chati kwa mgawanyo usio na upendeleo. Alama za watoto hazikusogea. Shule iliyojinunulia chati zamani pengine ilikuwa na mwalimu mkuu mwenye bidii na wazazi wanaofuatilia, na hao ndio waliokuwa wakiinua alama. Chati ilikuwa alama ya shule hai. Kuitundika mahali pengine hakukuwaleta wale watu.

Tafadhali tukae kidogo juu ya jambo hili, maana ni mtego wa wengi wetu. Tunatembelea shule inayosifika mkoani, tunaona ina maktaba, ina basi, watoto wana sare nadhifu, tunarudi tukiwa tumeazimia kununua maktaba, basi na sare. Hatuulizi vilitanguliwa na nini.

Kulikuwa pia na jaribio la zawadi. Kati ya 1998 na 1999, walimu wa darasa la nne hadi la nane katika shule 50 waliahidiwa zawadi kama alama za mtihani zingepanda, na thamani yake ilikuwa kati ya asilimia 21 na 43 ya mshahara wa mwezi. Alama zikapanda kweli. Lakini walimu hawakuja shuleni zaidi ya zamani, hawakutoa kazi nyingi zaidi za nyumbani, wala namna yao ya kufundisha haikubadilika. Kilichoongezeka ni vipindi vya ziada vya kujiandaa na mtihani. Zawadi zilipokwisha, faida nayo ikapotea. Walimu walifanya hasa walichoombwa, na waliombwa alama.

Ni nini basi kilichosaidia? Naogopa kujibu haraka, kwa sababu haraka ndiyo iliyotuponza. Lakini miaka iliyofuata ilileta mwanga kutoka eneo hilohilo. Kenya ilipofuta karo ya shule za msingi Januari 2003, madarasa ya mwanzo yalifurika. Mwaka 2005, katika shule 121 za magharibi mwa Kenya, darasa la kwanza liliongezewa mwalimu wa mkataba na kugawanywa mikondo miwili. Katika takribani nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kufuatana na walipofikia katika masomo, katika nyingine walichanganywa tu. Wengi wangetabiri kwamba waliowekwa mkondo wa chini wangedidimia. Ikawa kinyume. Watoto wa mikondo yote miwili walijifunza zaidi kuliko wenzao waliochanganywa, na faida haikuyeyuka jaribio lilipokwisha, kwa sababu hatimaye mwalimu aliweza kuanzia pale watoto walipo. Binafsi sipendi mtoto wa miaka sita avishwe jina la mkondo wa chini, na najua wazazi watakavyolipokea. Hata hivyo siwezi kujifanya sikuona: darasa lilipopunguziwa tofauti, mwalimu yuleyule alifundisha watoto wote, siyo safu ya mbele peke yake.

Msomaji wa Tanzania huenda anasema moyoni kwamba haya ni ya Kiingereza cha Wakenya, sisi vitabu vyetu vya msingi ni vya Kiswahili. Subiri. Mwaka 2013 na 2014 jaribio la KiuFunza lilifanyika katika shule 350 za wilaya kumi za Tanzania. Kundi moja la shule lilitumiwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, moja kwa moja, bila kupunguka njiani. Fedha zilifika na zikatumika. Kusoma na kuhesabu hakukupanda. Kundi jingine walimu wake wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa malipo kwa kila mtoto atakayemudu stadi za msingi, naye mtoto aliyetoka nyuma alihesabiwa sawa na yule wa mbele. Peke yake hili nalo lilileta kidogo tu. Lakini shule zilizopata vyote viwili, fedha pamoja na sababu ya kumtazama kila mtoto, zilipiga hatua kubwa, tena kuliko jumla ya mambo hayo mawili yakifanywa kila moja peke yake. Kiswahili hakikuwaokoa waliopewa fedha peke yake.

Jambo lililonipa matumaini zaidi lilikuja Kenya kupitia mradi wa kufundisha kusoma na hisabati uitwao PRIMR, ulioanza 2011, na mrithi wake, Tusome, ulioenea nchi nzima kuanzia 2015. Hapo vitabu vilirudi tena, kitabu kimoja kwa kila mtoto wa madarasa ya mwanzo, vya Kiswahili na Kiingereza. Tofauti ni kwamba vilianza na sauti za herufi na silabi, hatua kwa hatua, na mwalimu alipewa mwongozo unaomweleza somo la kila siku linavyokwenda. Tena hakuachwa peke yake. Afisa wa elimu wa eneo alikuja darasani, akakaa nyuma, akatazama kipindi kizima. Kisha aliita watoto watatu wasiochaguliwa na mwalimu, akawasikiliza wakisoma mmoja mmoja, halafu akakaa na mwalimu kuzungumza walichokiona wote wawili. Mradi ulimrudishia afisa nauli yake. Nauli hiyo ndiyo hutaikuta katika orodha ya mchango wa shule yoyote ninayoijua. Haina picha nzuri, haiwezi kuzinduliwa na mgeni wa heshima. Hao maafisa walikuwapo siku zote; serikali iliwalipa mishahara, ila hawakuwa na petroli ya kuwafikisha shuleni, na walipofika waligeuka wakaguzi wa madaftari.

Mwalimu wa shule ya msingi ni mpweke kuliko tunavyodhani. Daktari mchanga ana daktari mkuu anayepita naye wodini, fundi ana mwenzake wa kumwonyesha alipokosea. Mwalimu anafunga mlango akiwa na watoto wake, na miaka inapita asiingiliwe na mtu yeyote isipokuwa kukaguliwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni anayekuja na ripoti ya makosa hamponyi mtu. Mwalimu anayeona mtoto hasomi, akiwa hajui afanye nini naye, atajificha nyuma ya kile kiitikio cha "Ndiyo, mwalimu." Sote tungejificha.

Ndiyo maana nawasihi ninyi mnaopanga michango ya mwisho wa mwaka, kamati za shule, wazazi na mliosoma pale zamani mkafanikiwa. Kabla hamjanunua chochote, mtumeni mtu mmoja aende shuleni siku ya kawaida, siyo siku ya wazazi. Akae darasa la tatu kwa ridhaa ya mwalimu. Achague watoto sita kwa kuhesabu madawati, wala asikubali kuletewa waliochaguliwa, kisha kila mmoja amsomee sentensi mbili, mahali pa faragha ili asiaibike. Jioni aketi na mwalimu wa darasa hilo, mwalimu mkuu asiwepo, amuulize ni watoto gani wanaomkosesha usingizi na ni mtu gani angependa awe naye darasani. Akisema angemtaka mwalimu mstaafu fulani wa kijijini, aliyekuwa hodari wa kufundisha irabu na silabi, aje mara mbili kwa mwezi, basi lipeni nauli ya mstaafu huyo na chai yake kwa mwaka mzima. Haitafikia bei ya rangi ya jengo moja. Akisema vitabu, nunueni vitabu, ila viwe ambavyo wale sita wanaweza kuvisoma.